Matembezi ya Mji Mkongwe kufuata njia ya kukomeshwa utumwa: maswali tunayoulizwa kila siku

Maswali haya tunayapata kwenye simu, mengine pale pale Forodhani, mgeni ana gilasi ya juisi ya miwa mkononi na jua limeshapanda. Tumeyaandika mahali pamoja ili ukija tuwe na muda wa kuangalia vitu. Yapo tuliyoyajibu kwa maneno mawili na yapo yaliyotuzidi nguvu.

Haya ni matembezi ya nini hasa?

Ni matembezi ya miguu ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja, yanayofuata jinsi biashara ya watumwa ilivyobanwa kidogo kidogo mpaka utumwa wenyewe ukafutwa kisheria. Yanahusu miaka mingi: mkataba wa kwanza ni wa 1822, na kundi la mwisho kupata haki yake kwa sheria, yaani masuria (watumwa wa kike waliowekwa kinyumba na mabwana wao), walingoja mpaka 1909. Ukitaka ziara ya milango ya nakshi na viungo, wapo wenzetu wanaoifanya vizuri kuliko sisi.

Yanaanzia wapi na yanachukua muda gani?

Tunaanzia Forodhani, tunapita Shangani kwenye uwanja wa Kelele, nyumba ya Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, na jengo la zamani la ubalozi wa Uingereza, kisha tunaingia vichochoroni hadi Mkunazini penye kanisa kuu la Kianglikana, lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa. Kutoka hapo tunavuka Darajani na kumalizia Kinazini, kwenye nyumba aliyokaa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, mwaka 1866 akijiandaa kwa safari yake ya mwisho. Ni saa tatu kwa mwendo wa kawaida, nne kama kundi lina watu wa kuuliza. Mbweni na Mangapwani ni siku ya pili, kwa gari.

Mbona wengine wanaanzia kanisani?

Kwa sababu tiketi inakatwa kanisani. Sisi tunaanzia baharini kwa kuwa watu hawa waliingia kwa bahari. Wengi walitekwa huko Nyasa na Uyao, wakatembezwa mpaka Kilwa Kivinje, wakapakiwa majahazini na kuletwa hapa. Walipofika walipita forodhani kama bidhaa nyingine yoyote: kila kichwa kililipiwa ushuru, sawa na pembe za ndovu na gundi ya sandarusi. Forodha yenyewe Sultani aliikodisha, na kwa miaka mingi iliyoishika ni nyumba ya biashara ya Jairam Shivji. Kwa hiyo kabla hujamwona mnadi unamwona karani na daftari lake. Mtu akishasimama pale ukutani akatazama bahari, hesabu ya biashara hii humwingia kichwani kuliko tukimwambia idadi.

Beit al-Ajaib, lile jumba la Sultani, tunaipita kwa nje. Sehemu yake iliporomoka Disemba 2020, na hata hivyo ilijengwa 1883, miaka kumi baada ya soko kufungwa.

Skuli nilifundishwa utumwa Zanzibar ulikomeshwa 1873. Nyinyi mnasema 1897. Nani mkweli?

Wote, ila hamzungumzii kitu kimoja. Hili ndilo swali ambalo tungependa kila mtu aondoke amelielewa, kwa hiyo vumilia.

Mwaka 1822 Sultani Sayyid Said alikubali kwenye mkataba na Kapteni Moresby wa Uingereza kutowauzia Wazungu watumwa. Mwaka 1845 akatia saini mwingine na balozi wa Uingereza, Hamerton: kuanzia 1847 ni marufuku kuwasafirisha kwenda Uarabuni. Lakini kuwahamisha ndani ya pwani yake, kutoka Kilwa kuja Unguja au kwenda Lamu, kuliendelea kuwa halali, na jahazi likishakuwa baharini nani atajua linakwenda Lamu au linapitiliza?

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alisaini mkataba wa kukataza kusafirisha watumwa kwa bahari kokote na kufunga masoko ya hadhara. Soko la Mkunazini likafungwa. Huo ndio mwaka ulioufundishwa. Ila aliyekuwa mtumwa asubuhi ile alilala mtumwa usiku ule. Alibaki shambani kwa bwana wake, akipanda mikarafuu. Biashara nayo ilihamia nchi kavu, misafara ikawa inatembea pwani kwa pwani, mpaka Barghash alipotoa amri nyingine 1876 kuikataza.

Kisha Agosti 1890 Sultani Ali bin Said alikataza kuuza na kununua na akampa mtumwa haki ya kujikomboa kwa fedha yake. Wenye mashamba walipiga kelele, na amri ikalegezwa mwezi ule ule. Sheria yenyewe ya kufuta hali ya utumwa Unguja na Pemba ni ya tarehe 6 Aprili 1897, chini ya Sultani Hamoud bin Mohammed, aliyekalishwa kitini baada ya mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896. Na hata hapo mtu hakuamka akajikuta huru. Ilibidi aende mahakamani mwenyewe kuomba. Asiyekwenda, au asiyejua kwamba kuna pa kwenda, alibaki alipo. Bwana alilipwa fidia na serikali. Aliyekuwa mtumwa hakupewa hata pishi ya mtama, na asipoonyesha makazi na kazi aliweza kuhesabiwa mzururaji. Masuria hawakuingizwa, kwa hoja kwamba wao ni kama wake wa nyumbani. Wao ndio wa 1909.

Pwani ya Kenya ilifuata 1907, na Tanganyika 1922. Wako wazee waliozaliwa baada ya hapo ambao bibi zao waliwasimulia.

Basi nani alikomesha? Livingstone? Kirk? Masultani?

Kampeni yenyewe ilikuwa London: mikutano, magazeti, wabunge, makanisa. Livingstone aliipa kitu cha kushika. Julai 1871 akiwa Nyangwe, huko Manyema katika Kongo ya leo, aliona watu wa misafara wakifyatua bunduki sokoni na wanawake wakijitupa mtoni. Barua zake zilibebwa na mwandishi wa habari Stanley, zikasomwa Uingereza 1872, na hasira iliyofuata ndiyo iliyomleta Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza, Unguja Januari 1873. Frere alishindwa kumlainisha Barghash. Aliyefanikiwa ni John Kirk, balozi wa Uingereza, daktari aliyewahi kusafiri na Livingstone Zambezi, na alifanikiwa akiwa na tishio la manowari kufunga bandari. Barghash naye alikuwa na hali mbaya: kimbunga cha Aprili 1872 kilikuwa kimeng'oa mikarafuu ya Unguja na kuvunja merikebu zake. Mashamba yalitaka kupandwa upya na mikono ya kupanda ndiyo iliyokuwa inakatazwa. Livingstone alifariki Chitambo, katika Zambia ya leo, tarehe 1 Mei, wiki tano kabla ya mkataba. Hakujua.

Hiyo ni hadithi ya waliokuwa na kalamu. Sisi tunatumia muda zaidi kwa waliokuwa na miguu. Watumwa walitoroka tangu zamani. Neno mtoro lina historia ndefu pwani hii. Walikimbilia misheni, ubalozini, au waliogelea kwenye merikebu za Waingereza. Wengine walianzisha vijiji vyao bara. Na baada ya 1897 ni wao waliopanga foleni mahakamani, mmoja mmoja, mbele ya jirani waliowajua tangu utotoni, kusema kwamba hawataki tena. Tunapofika jengo la ubalozi wa zamani, kila mgeni husoma kibao cha Livingstone, maana mwili wake ulipitia hapo 1874. Tunamwomba pia awafikirie wahudumu wake Chuma na Susi, waliokuwa mbele ya wenzao kuubeba mwili ule tangu Chitambo mpaka Bagamoyo. Chuma mwenyewe alikuwa mtoto wa Kiyao aliyekombolewa kutoka kwenye msafara wa watumwa 1861. Amekufa hapa hapa Unguja, 1882.

Vile vyumba vya chini pale Mkunazini, kweli watumwa walifungwa humo?

Utaambiwa ndiyo. Utaambiwa na idadi, wanawake na watoto chumba hiki, wanaume kile, na maji ya bahari yakijaa.

Ukweli ni kwamba jengo lililo juu ya vyumba hivyo, Mtakatifu Monika, lilijengwa na misheni likiwa hospitali, miaka mingi baada ya soko kufungwa. Ndiyo maana wanahistoria wengi wanaitilia shaka habari ile, wakiona kwamba zile huenda ni stoo za chini ya hospitali. Tunaingia na wageni, tunainama pamoja, dari liko chini kweli na hewa ni nzito, halafu tunawaambia hivyo hivyo. Wapo wanaokasirika kama walioibiwa. Mama mmoja kutoka Tanga alikaa juu ya lile jiwe kimya, akasema, "Sasa mwanangu, kama si hapa, walilala wapi?" Swali zuri kuliko majibu yetu. Walilala kwenye nyumba za wafanyabiashara, kwenye mabanda, uani, majahazini. Nyumba nyingi za mji huu zingeweza kuwekewa kibao, ndiyo maana kibao kimewekwa mahali pamoja tu.

Karibu na hapo yapo maonyesho yenye maelezo ya ukutani, Kiswahili kimo, na hayo yametafitiwa vizuri. Yape nusu saa.

Ndani ya kanisa tutazame nini?

Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873, miezi sita tu baada ya soko kufungwa. Askofu Edward Steere ndiye aliyesimamia ujenzi, na ndiye aliyekuwa akiandika sarufi na tafsiri za Kiswahili akiwa na vumbi la chokaa nguoni. Amezikwa nyuma ya altare. Mbele ya altare kuna duara la marumaru sakafuni, panapoelezwa kuwa palisimama mti waliokuwa wakifungwa na kuchapwa watumwa. Upande mwingine kuna msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, ule ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake.

Tazama juu: paa lile ni zege la mawe ya matumbawe, halina boriti hata moja, na watu walingoja lianguke. Kisha tazama nguzo fupi karibu na mlango wa magharibi. Zimesimamishwa kichwa chini miguu juu. Inasemwa mafundi waliziweka hivyo Steere akiwa safarini, na aliporudi akaziacha.

Na ile sanamu ya nje?

Ni ya msanii wa Uswidi, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Watu watano wamesimama ndani ya shimo, mnyororo umepita shingoni mwao, na mnyororo unaelezwa kuwa wa kweli, wa enzi zile. Usikimbilie kupiga picha. Chuchumaa kwenye ukingo mpaka macho yako yawe sawa na yao. Utaona kila mmoja ana uso wake, hawakutolewa kwenye kalibu moja. Tulimpeleka kijana wa skuli ya msingi, akahesabu pingu, kisha akauliza, "Hawa waliitwa nani?" Mwalimu wake akasema ni sanamu tu. Tulimjibu kwa majina yaliyokuwa yakipewa watumwa: Feruzi, Almasi, Mabruki, Majaliwa, au siku waliyonunuliwa, Juma, Khamis. Kijana akacheka, akasema Feruzi ni jina la mjomba wake.

Je, matembezi haya hayawasemi vibaya Waarabu na Uislamu?

Tunaulizwa na Wazanzibari kuliko wageni, na tunaelewa kwa nini. Habari za utumwa zimeshatumika hapa kuwagombanisha watu, hasa miaka ya kuelekea Mapinduzi ya 1964, na zikiletwa na mtu asiyejali zinaumiza hadi leo.

Basi tunawataja wote. Wenye mashamba ya karafuu wa Kiomani, naam. Waswahili wa mijini waliokuwa na watumwa wawili watatu nyumbani, nao pia. Wahindi waliokopesha mitaji ya misafara. Machifu na wafanyabiashara wa bara, Wayao na Wanyamwezi miongoni mwao, walioteka au kuuza jirani zao. Wafaransa walionunua watu Kilwa kwa ajili ya miwa ya Réunion na Mauritius. Wamarekani walioleta kitambaa cha merikani na kununua pembe, ambazo zilikwenda kutengenezwa vibao vya piano, na ambazo mara nyingi zilibebwa na mabega ya watu wasiolipwa. Uingereza iliyokuja kukomesha nayo ilikuwa mnunuzi mkubwa wa bidhaa zilizotoka kwenye mashamba hayo.

Kuhusu dini: kumwacha huru mtumwa ni thawabu kubwa, na watu wengi walipata uhuru wao kwa wosia wa bwana anayekufa, muda mrefu kabla ya Waingereza. Hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba nafasi zao zilijazwa kwa kununua watu wengine. Tunayasema yote mawili tukiwa barazani, na mara nyingi mzee anayepita husimama kuongeza lake. Tunamwamkia, tunampisha aseme.

Nyumba ya Tippu Tip tunaingia?

Hapana. Ni makazi ya watu. Tunatazama mlango na ngazi zake, tunazungumza kwa sauti ya chini, tunaondoka. Mwenyewe, Hamed bin Muhammed el Murjebi, amekufa mjini hapa 1905, na ameacha maisha yake yameandikwa kwa Kiswahili. Kuhusu watumwa anaandika kama muuza duka anavyoandika kuhusu magunia.

Waliokombolewa walikwenda wapi?

Walionaswa majahazini na manowari wengine walipelekwa mbali, Bombay, Aden, Ushelisheli. Waliobaki Unguja wengi wao walipewa misheni. Wavulana walisomeshwa Kiungani, wasichana Mbweni, na watu wazima walipewa viwanja kwenye shamba la Mbweni, nyumba na kipande cha kulima. Cecil Majaliwa alipitia njia hiyo: mtoto wa Kiyao aliyekuwa mtumwa, akasoma Kiungani, akapadirishwa 1890, akarudi kuhubiri kwa watu wa kwao kule kusini, Ruvuma.

Lakini misheni ilichukua wachache. Walio wengi walikaa mashambani kwa makubaliano: nitakulimia siku kadhaa za wiki, uniache nijenge na nipande muhogo wangu. Wengine wakahamia Ng'ambo, ng'ambo ya mkondo, wakaanza mji wao. Ukitaka kuona uhuru ulivyofanana, usitafute cheti, tafuta nguo. Mtumwa wa kike alivaa kaniki au merikani isiyo na urembo, na hakuruhusiwa kujifunika kama waungwana. Baada ya 1897 wanawake hao walinunua kanga, za rangi, mpya kila msimu kadiri mkono ulivyoruhusu. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba katika ukoo uliotokana na watumwa, alikulia humo humo, akiuza vyungu kabla sauti yake haijapelekwa Bombay kurekodiwa.

Mbweni pana nini leo?

Magofu ya skuli ya wasichana, mizizi imepita kwenye madirisha. Yako kwenye eneo la watu, kwa hiyo piga hodi langoni kwanza. Kanisa dogo la Mtakatifu Yohana bado linasaliwa, na kwenye makaburi yake yupo Caroline Thackeray, mwalimu aliyekuja 1877 na hakuondoka tena. Panda daladala za Uwanja wa Ndege, kisha tembea.

Mangapwani je?

Kama kilomita 20 kaskazini ya mji. Kuna vitu viwili na watu huvichanganya. Kimoja ni pango la asili lenye maji, halikuchimbwa na mtu. Kingine, mbele kidogo kuelekea pwani, ni chumba kilichokatwa ndani ya jiwe la matumbawe, kina ngazi na paa, palipofichwa watumwa biashara ilipokuwa ya magendo, baada ya 1873. Ukitaka mahali palipojengwa kwa kazi hiyo hasa, ni hapo. Njoo na tochi na viatu visivyoteleza.

Changuu ni gereza la watumwa?

Jengo la gereza ni la 1893 na halikupata kufungwa mtu, likawa karantini. Kisiwa cha jirani, Chapwani, ndicho kinachohusu habari yetu: wamezikwa humo mabaharia wa Kiingereza, pamoja na Kapteni Brownrigg wa manowari ya Kiingereza iitwayo London, aliyeuawa Disemba 1881 karibu na Pemba alipolisimamisha jahazi la watumwa.

Nivae nini?

Mabega na magoti yafunikwe, viatu vya kutembelea. Huu ni mji wa watu na misikiti iko kila kona.

Watoto wanaruhusiwa?

Kuanzia miaka minane hivi. Tunapunguza habari za viboko na kuongeza za kutoroka.

Masika mnaendelea?

Aprili na Mei tunatoka asubuhi mapema na tunakubali kulowa. Mvua kubwa vichochoro hujaa maji, tunakaa barazani tukisimulia mpaka ipite.

Nikivuka Bara au Mombasa, niendelee wapi?

Bagamoyo, misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu iliyoanza 1868, penye mnara ambao mwili wa Livingstone ulilazwa usiku mmoja Februari 1874. Mombasa, teremka Kengeleni, Nyali. Mtaa umepewa jina na kengele ya Frere Town, kijiji cha waliokombolewa kilichoanzishwa miaka ya 1870. Mnara wa kengele upo kando ya barabara kuu, na makondakta wa matatu huliita jina hilo kutwa nzima.

Bibi yangu alisema mama yake "aliletwa". Mnaweza kunisaidia kumtafuta?

Tunaweza kukuonyesha pa kuanzia. Nyaraka za Taifa ziko Kilimani, na humo yamo majalada ya Kiarabu na Kiingereza, yakiwemo ya mahakama na ya waliokombolewa. Njoo na jina lake, na kama alikuwa na jina la pili la nyumbani njoo nalo pia, kwa sababu karani wa Kiingereza aliandika alivyosikia. Muhimu kuliko yote ni jina la shamba, au la bwana, au la kijiji alichokuwa akikitaja anapokuwa na homa. Muulize bibi wiki hii, kabla hujakata tiketi ya boti.